Tone Moja Tu la Sabuni

Kabla ya kuwafundisha watoto wa watu, mke wangu alikuwa akinifundisha mimi. Ndivyo nyumba yetu ilivyokwenda tangu apate kazi ya ualimu wa majaribio. Jioni, vyombo vikishaoshwa, mimi nafuta meza ya jikoni, navuta kigoda, nakaa magoti yakinigusa kidevu. Yeye anasimama kati ya jiko na kabati la vikombe, anakohoa kidogo, anaanza.

"Wanafunzi, hamjambo?"

"Hatujambo! Shikamoo, mwalimu!" naitikia kwa sauti nyembamba ya darasa la pili.

Anacheka, kisha anakunja uso. "Bwana wee, acha mzaha, nina kazi."

Lakini mzaha wenyewe aliupenda. Nilikuwa nikinyoosha mkono na kumuuliza maswali ya kijinga, kwa sababu watoto nao huuliza ya kijinga, na akishanijibu mimi, kesho yake hakuna mtoto wa kumbabaisha. Mimi ni dobi. Shule niliiachia njiani, na maneno niliyonayo nimeyaokota mwenyewe, moja moja, kama vifungo vinavyodondoka ndani ya mashine. Lakini katika jiko lile nilikuwa mwanafunzi wa kwanza, na aliyezoea kuwa wa kwanza hafundishiki kuwa wa pili.

Kisha ikaja chupa.

Ilikuwa chupa ya jemu, ya kioo, mdomo mpana, imebanduliwa karatasi yake. Aliiweka mezani Jumatatu jioni kama mtu anayeweka yai.

"Leo sitaki maswali," akasema. "Tazama tu."

Akaijaza maji robo tatu. Akachukua kichupa cha dawa ya macho alichokiosha na kukitilia sabuni ya vyombo, akakibinya, likadondoka tone. Moja tu. Akafunga kifuniko, akaishika chupa juu kwa vidole vitano, akaizungusha haraka haraka palepale, akaiweka chini.

Ndani ya maji kulikuwa na kimbunga. Juu kilikuwa kipana kama mdomo wa faneli, chini kimechongoka kama sindano, na kote kinacheza kiuno. Viputo vya sabuni vilikikimbilia na kukizunguka vikishuka. Kilidumu kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kikalegea, kikaisha, maji yakatulia.

"Maji yakizunguka kwa kasi hukimbilia pembeni," akasema, macho yanamng'aa, "na katikati panabaki shimo. Sabuni kazi yake ni kutuonyesha tu. Viputo vinafuata njia ya maji, nasi tunaiona njia."

Nilipiga makofi. Haki ya Mungu, yalikuwa makofi ya kweli. "Haya mambo umeyatoa wapi?"

"Mwalimu wa Sayansi kanionyesha."

Makofi yakakatika.

Alhamisi ya wiki ile mkaguzi alikuwa anakuja kumtazama akifundisha. Mara ya kwanza mkaguzi huyo alipokuja, alimwandikia kwamba anafundisha kama mtu anayesoma tangazo. Hii ilikuwa mara ya pili, na hakuna ya tatu. Akifaulu, darasa ni lake. Akianguka, anafungasha chaki zake anarudi nyumbani. Nililijua hilo kama ninavyoijua njia ya kwenda kazini. Nalisema mapema, ili asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Jumanne nyumba nzima ilikuwa Mwalimu wa Sayansi. Mwalimu wa Sayansi kasema chupa isijazwe pomoni. Mwalimu wa Sayansi kasema usizungushe kwa bega, zungusha kwa kifundo cha mkono. Nikanyoosha mkono wangu kigodani.

"Mwalimu, je, maji yakizungushwa upande wa pili, shimo linageuka mlima?"

Zamani angecheka. Siku hiyo alifikiri kidogo, akasema, "Hilo nitamuuliza Mwalimu wa Sayansi."

Nikaushusha mkono wangu taratibu, mzito kama shuka lililolowa.

Huyo bwana nilikuwa namjua vizuri kuliko alivyodhani. Mashati yake manne meupe huja kwetu kila Jumanne, na Jumamosi huyachukua. Namba yake thelathini na saba. Nilijua ukubwa wa shingo yake. Nilijua kwamba huandika kwa mkono wa kushoto, maana wino wake huwa upande huo. Tena, kwa aibu nakiri, asubuhi ya Jumatano niliyatoa mashati yake kapuni nikayanusa kola, moja baada ya jingine. Nilitafuta mafuta ya nywele ya mke wangu. Nikapata jasho la mwanamume na vumbi la chaki.

"We kijana," akaita mzee mwenzangu wa kazi, tunayemwita Kola kwa sababu hakuna kola inayomshinda. "Siku hizi tunafua kwa pua?"

"Natafuta madoa."

"Madoa hayanuswi, yanaonwa. Kagua mifuko, tia mashineni, twende."

Kukagua mifuko ni sheria yetu ya kwanza. Kalamu moja iliyosahaulika huweza kuchafua nguo za watu kumi. Kinachopatikana hutiwa kwenye bahasha, bahasha hupigwa namba, mwenyewe hurudishiwa. Na sheria ya pili ni kwamba hatusomi. Nguo za watu ni siri za watu.

Katika mfuko wa shati la tatu palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua. Palikuwa na chupa iliyochorwa kwa mkono wa kushoto, ina mishale ya kuzunguka na maneno "tone moja tu" yamepigiwa mstari. Chini yake, kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu, mke wangu aliandika: Nimejaribu, imekubali! Asante sana. Bila wewe ningeaibika.

Bila wewe.

Mimi niliyekalia kigoda mpaka miguu inakufa ganzi! Mimi niliyeyamudu masomo yote ya darasa la pili, kutoa kwa kukopa, wadudu wenye miguu sita, na mvua inavyotengenezwa! Kwangu hajaandika hata mstari.

Kola akanichungulia begani. Hakusoma, lakini aliuona uso wangu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Ndiyo maana tunakagua mifuko. Lakini kijana, pasi ikishika moto huwekwa pembeni kwanza. Haiwekwi juu ya nguo."

"Sina moto wowote."

"Basi moshi huo unatoka wapi?"

Karatasi haikwenda kwenye bahasha. Ilikwenda mfukoni mwangu.

Kwetu dobini kuna pipa moja dogo nyuma ya mlango. Ndani yake mna sabuni ya kufulia ovaroli za mafundi magari. Ni ya njano, nzito, inanuka mafuta ya taa na ndimu, na kijiko kimoja kinatosha ovaroli ishirini. Anayezidisha kijiko siku hiyo huogelea. Nilijaza kichupa kimoja kidogo, nikakifunga, nikakitia mfuko mwingine. Sasa mfuko wa kulia una karatasi na wa kushoto una sabuni, nami katikati natembea kuelekea nyumbani kama mwizi mwenye nyumba.

Jioni ile alifanya zoezi la mwisho. Hakukosea hata neno moja. Kimbunga kilisimama katikati ya chupa kama kimeagizwa, naye akakitazama kwa furaha ambayo mimi sikuitengeneza.

"Vipi?" akaniuliza.

"Vizuri," nikasema.

"Vizuri tu? Pasi yangu leo imepoa?" Huniita Pasi, kwa sababu nawaka upesi.

"Nimechoka."

Akanipapasa kichwa, akachukua taulo, akaenda kuoga. Nikasikia maji yanaanza kumwagika bafuni. Mkoba wake ulikuwa kwenye kiti. Nikakitoa kichupa cha dawa ya macho, nikaibinyia sabuni yake yote kwenye sinki, nikakijaza ile ya njano. Rangi zilikuwa karibu sawa. Kazi yote haikuchukua dakika mbili. Nikawaza: mwache abwage povu mbele ya mkaguzi, tuone Mwalimu wa Sayansi atamfutia kwa kitu gani. Nikawaza pia: akirudi analia, atalilia kifuani kwa nani? Hilo la pili ndilo lililonipa usingizi mzuri, na ndilo ninaloliona baya zaidi leo.

Asubuhi akavaa gauni lake la bluu nililolinyoosha mwenyewe. Mlangoni akanigeukia.

"Niombee," akasema. "Mikono inanitetemeka. Tazama."

Akaninyooshea mikono yake, vidole vyote kumi vinatetemeka kama vya mtoto aliyetoka mtoni. Nikaishika. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na mdomo, ulimi na meno yote.

"Utaweza," nikasema. Akaenda.

Kazini ovaroli za gereji zilikuwa zinatungoja. Nikazitia mashineni, nikatia sabuni, nikabonyeza. Sijui nilitia vijiko vingapi. Niliyaona maji yakipanda nyuma ya kioo cha mlango, kisha povu, kisha povu juu ya povu, mpaka ovaroli zote zikapotea. Kioo kikawa cheupe tupu. Unasikia mashine inazunguka, lakini hakuna unachokiona.

Nikaiona chupa ya jemu. Nikawaona watoto arobaini wametoa macho, mkaguzi ameinua kalamu, na mke wangu anazungusha, anazungusha, na hakuna kitu ndani ila weupe. Mwalimu wa Sayansi sikumwona kabisa katika picha ile. Nilimtafuta, hakuwemo. Niliona mikono inayotetemeka tu.

"We! Umelala?" Kola akaja mbio huku povu linatambaa sakafuni. Akachukua chupa ya siki juu ya rafu, akamimina mafunda mawili kwenye kisanduku cha sabuni. Baada ya muda kidogo povu likaanza kuanguka lenyewe, likanywea, ovaroli zikaonekana tena. Siki ndiyo kiboko ya povu. Kila dobi anajua.

Nikaipokonya mkononi mwake.

"Unakwenda wapi na siki yangu?"

"Shuleni!"

"Kuna saladi?"

Nilikuwa nimeshafika barabarani.

Nilikimbia na aproni yangu, viatu vya mpira vinapiga kelele kwa maji, watu wananipisha kama wanaompisha kichaa. Njiani nilipanga maneno. Nitagonga mlango, nitasema nimeleta dawa, mimina matone matatu, usiulize. Shule ina ukumbi mrefu wenye madirisha ya darasa upande mmoja. Nikafika dirisha la tatu natweta, nikachungulia.

Nilikuwa nimechelewa. Si kwamba kulikuwa na povu. Somo lilikuwa limefika mwisho, na lilikuwa zuri.

Mezani palikuwa na chupa nyingine, si ya jemu, kubwa zaidi, ina kifuniko chekundu. Ndani ya maji majani ya chai yalikuwa yakizunguka, yamejikusanya katikati kama kundi la ndege weusi, yanapanda na kushuka. Sabuni haikuwepo kabisa. Mke wangu alikuwa ameinama usawa wa watoto, anauliza, "Haya, nani ananiambia majani yanatuonyesha nini?" na mikono arobaini ikaruka hewani. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imetulia. Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, alikuwa amesahau kuandika. Alikuwa ameinama naye anatazama chupa.

Nyuma ya darasa, ameegemea ukuta, alisimama Mwalimu wa Sayansi katika shati jeupe nililolipiga pasi kwa mikono yangu. Watoto wote waliitazama chupa. Mkaguzi aliitazama chupa. Yeye alimtazama mke wangu.

Kengele ikalia. Watoto wakamwagika nje, na nyuma yao wakatoka wao wawili, wanacheka. Mke wangu akaniona. Kicheko kikabaki mdomoni, lakini machoni kikazimika. Akaitazama chupa ya siki. Akanitazama mimi. Akajua, au alikwishajua.

"Ah, shemeji!" akasema Mwalimu wa Sayansi. "Karibu sana. Umekosa uhondo. Sabuni yetu ilituchezea shere asubuhi, tukasuuza chupa mara tano povu halitoki. Basi mkeo akasema, nipe chupa yoyote na majani ya chai. Nikakimbia ofisini kumletea ya kwangu ya kahawa. Mkaguzi mwenyewe kasema hajawahi kuona! Na hiyo siki?"

Nikafungua mdomo.

"Nilimwagiza," mke wangu akasema upesi. "Ya kusafishia ile yenye povu." Akaichukua mkononi mwangu bila vidole vyake kugusa vyangu. "Tutaonana nyumbani."

Nikarudi kazini taratibu. Nilikuwa nimetaka kumtoa katika mikono ya yule bwana, na kumbe ni mimi niliyemtuma akaombe chupa yake.

Jioni hakuweka chakula kwanza. Aliweka mezani vitu viwili: chupa ya kifuniko chekundu na kichupa cha dawa ya macho.

"Nusa," akasema.

"Mke wangu..."

"Nusa!"

Nikanusa. Mafuta ya taa na ndimu.

"Miaka mitatu nalala na harufu hiyo," akasema. "Tone lilipodondoka pale shuleni, kabla hata povu halijapanda nikajua ni nani. Nikamwambia mwenzangu sabuni imeharibika. Nimekusitiri mara mbili leo, huko na pale ukumbini. Sasa nataka sababu. Iwe nzuri."

Nikatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imelowa jasho. Akaikunjua, akaisoma, akaiweka chini.

"Bila wewe ningeaibika," akasoma kwa sauti. "Ndiyo. Nimeandika mimi, na ni kweli. Kwani ungenionyesha wewe kimbunga?"

"Ungeniambia. Ningejifunza."

"Ungejifunza! Wewe hukutaka kujifunza, wewe ulitaka kutafutwa." Akakaa. Alikuwa hapigi kelele, na hilo liliniogopesha. "Wivu ni wako, mume wangu, siuingilii. Lakini kazi ilikuwa yangu. Umechukua kilicho chako ukakitupia kwenye kisichokuwa chako."

Nikaanza kuifuta meza iliyokuwa safi. Mimi, ambaye maneno hayajawahi kunipungukia sokoni wala msibani!

"Jumamosi akija kuchukua mashati," akasema, "mrudishie chupa yake na karatasi yake. Na umwambie kwa mdomo wako mwenyewe ulichofanya."

"Si umeshamwambia sabuni iliharibika? Yameisha hayo."

"Mimi nilisema uongo ili nikufiche. Sitaki kuubeba peke yangu."

"Na mazoezi? Kesho una somo gani? Nivute kigoda..."

"Kesho nimeshajiandaa," akasema. "Shuleni."

Jumamosi ilipofika, Kola alijitia kunyoosha shuka moja kwa nusu saa ili asikose kitu. Mwalimu wa Sayansi akaingia na tikiti yake, thelathini na saba. Nikampa mashati. Nikaweka chupa juu ya kaunta, na karatasi juu ya chupa.

"Hii ilikuwa mfukoni mwako. Niliisoma," nikasema. "Na sabuni haikuharibika. Niliibadilisha mimi, makusudi, ili somo libomoke. Umesikia. Sasa sema unachotaka kusema."

Pasi ya Kola ikaacha kutoa mvuke.

Nilikuwa tayari kwa tusi. Nililingojea tusi, maana tusi najua namna ya kulipokea na namna ya kulirudisha. Yule bwana hakunitukana. Alikunja mashati yake juu ya mkono, akaichukua chupa, akaitazama kama vile majani ya chai bado yamo. Karatasi akaikunja mara nne, kama ilivyokuwa, akaitia mfukoni mwa shati alilovaa.

"Ningekuwa na mke kama yule," akasema polepole, "na mimi ningetia sabuni. Tena ningetia pipa zima."

Akatoka.

Nilibaki nimeshika kaunta. Ngumi zilikuwa zimejikunja zenyewe, lakini ningempiga kwa kosa gani? Kwa kunielewa? Kola akapita nyuma yangu na shuka lake.

"Huyo," akanong'ona, "amekusamehe au amekuonya?"

"Nyamaza, mzee."

"Mimi nauliza tu."

Nyumbani mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari mezani. Siku ya Ijumaa alikuwa amepewa barua yake, darasa ni lake, na nilimpongeza, naye akapokea pongezi kwa adabu, kama ya jirani. Sasa aliinua macho.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasema nini?"

Hapo nilisimama. Ningeweza kumwambia kasema asante, au kasema tusahau. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimeshaonja sabuni ya uongo, bado ilikuwa inanichoma kooni. Nikamwambia neno kwa neno, pamoja na lile pipa zima, macho yangu hayabanduki usoni pake.

Aliinamia daftari, akaweka alama ya vema, akalifungua jingine. Kisha akacheka. Kidogo tu, puani, kama mtu aliyekumbuka jambo. Sijui alinicheka mimi, au alilifurahia lile neno. Sikumuuliza. Nimekaa naye vizuri tangu siku ile, tunakula pamoja, tunaongea, lakini kicheko kile bado nakipima, na kila nikikipima kinanijia na uzito mwingine.

Na kila Jumanne namba thelathini na saba inaleta mashati. Nakagua mifuko. Sisomi.